Sufuria Nzito za Chama cha Daraja Mbili

Mtoto akiletwa kwako kupimwa madini ya risasi, usianze na sindano. Anza na sabuni. Mwoshe mikono yote miwili mpaka viwikoni, msuuze kwa maji yanayotiririka, kisha mwache anyooshe vidole hewani vikauke vyenyewe. Hapo ndipo mtakapokosana na mama yake. Mama wa huku Kisii, na wa kwetu ziwani vilevile, hawezi kuona mtoto amelowa mikono akanyamaza. Atamfuta kwa leso. Na leso hiyo imembeba mtoto, imetandikwa chini sokoni, imefuta kiti cha gari. Ukichoma kidole kilichofutwa nayo, utakuwa umepima leso, hujapima mtoto.

Nawaambia hili mapema, ninyi mnaoanza kazi ya maabara, kwa sababu siku moja wakili aliniuliza habari za leso mbele ya hakimu kwa muda mrefu kuliko alivyoniuliza habari za damu. Nitafika huko. Siku hizi nasimulia kama ninavyotembea, polepole na kwa kupumzika njiani.

Kazi yangu ilikuwa maabara. Mimi si daktari, ingawa kuanzia Kisii mjini mpaka Nyamira watu waliniita daktari kwa sababu ya koti jeupe. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha, baadaye nikaona napoteza wakati, nikaitika. Nilikuja huku kutoka ziwani nikiwa msichana mwembamba kama ufito, na mwenye kucheka acheke. Kikisii changu mpaka leo ni cha salamu na cha kununulia ndizi. Mengine yote niliyafanya kwa Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiswahili chao, na hatukuwahi kupotezana.

Aliyenifunza kazi ya nje ya maabara ni Mzee Onsongo, afisa wa afya ya umma. Huyu ndiye aliyekuwa akikagua bucha na hoteli, akifunga vyoo vibovu, na mwenye kichwa kigumu akimfikisha kortini. Alikuwa akiniambia nisiyaamini majibu ya damu ya mtoto ambaye sijawahi kuingia jikoni kwao. Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa kukaribishwa chakula, kwa maana alikuwa akipenda sana.

Alikuwa pia na tabia ya kumwacha mtu ajifunze kwa aibu. Nilipopanga kwa mara ya kwanza kuwapima watoto wa Birongo, nilichagua Jumamosi kwa sababu hakuna shule. Nilimweleza, akaniambia ni sawa tu. Nilifika na chupa zangu, pamba zangu na sanduku la barafu, nikakaa kwenye benchi la zahanati. Hakuja mtu. Ng'ombe mmoja alikuja, akanitazama, akaenda zake. Kwenye saa tano hivi nikamwona Onsongo akipita barabarani na suti yake ya kijivu, Biblia kwapani, na nyuma yake kijiji kizima kikielekea kanisani. Alinisalimu kwa heshima zote na kunitakia Sabato njema. Mimi Mwanglikana, miaka yote niliyoishi huku nilijua wenzangu ni Wasabato, lakini nilipopanga kazi nilipanga kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini. Jumapili yake benchi halikutosha.

Sasa mtoto aliyetufikisha mahakamani. Aliitwa Kemunto, binti wa miaka mitatu hivi. Mama yake, Nyaboke, aliishi Birongo na kuuza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Kemunto alikuwa na tumbo lisilokwisha kuuma, choo kigumu, damu pungufu isiyopanda hata kwa dawa. Lakini si hayo yaliyomleta mama yake kwetu akiwa na hofu machoni.

“Daktari,” aliniambia, “huyu alikuwa anaita ng'ombe, anaita paka, anaita nyanya yake. Sasa ananyoosha kidole tu.”

Daktari wa watoto hospitalini, daktari wa kweli huyo, aliagiza tupeleke damu Nairobi ipimwe risasi. Majibu yaliporudi yalikuwa juu sana. Mtoto akalazwa, akapewa dawa ya kuitoa risasi mwilini, ikashuka, tukafurahi, akarudishwa nyumbani. Tulipompima tena ilikuwa imepanda. Daktari akamweleza Nyaboke bila kuficha: dawa haitasaidia ikiwa huko nyumbani mtoto anaendelea kuila risasi, na kila mwezi unaopita unakula akili yake, na akili iliyoliwa hivyo huenda isirudi. Nyaboke hakulia. Aliuliza tu, ni kitu gani. Hakuna kati yetu aliyejua.

Tulitafuta, mimi na Onsongo. Tulikwangua rangi ya milango. Tulichota maji ya chemchemi na ya tangi, tukachota udongo wa uani na wa kando ya barabara. Tulipima watoto wa jirani, waliocheza na Kemunto kwenye vumbi hilohilo, wakawa salama. Kisha tukapata mtoto mwingine mwenye dalili zilezile, lakini huyo alikuwa Kebirigo, upande wa Nyamira kabisa, na mwingine tena karibu na mji. Hawakunywa maji mamoja wala kukanyaga udongo mmoja. Nilikasirika kama mtu anayetafuta miwani.

Na kila nyumba tulimoingia tulikula. Ninyi mnajua, mgeni hatoki nyumba ya Mkisii na njaa. Tulipewa obokima, ndio ugali wao wa wimbi, tukapewa mboga ya chinsaga, tukapewa uji. Nilikuwa nashiba na kuandika kwamba chanzo hakijaonekana.

Kule Kebirigo mama mwenye nyumba alikuwa na mtoto mgongoni, nami nikaona si adabu kukaa tu. Nikaenda kumsaidia kuipua sufuria ya uji. Nusura inivunje kifundo cha mkono. Nikaiweka chini, nikaiangalia. Ilikuwa ya kuyeyushwa, nene, ya kijivu kilichokolea. Nikakumbuka nimeiona ndugu yake kwa Nyaboke. Nikamuuliza ameinunua wapi. Akasema hakuinunua, ni ya chama.

Chama chenyewe kilikuwa cha akina mama wanaouza Daraja Mbili. Walikuwa wakichanga kila mwezi, na mmoja wao kwa zamu ananunuliwa sufuria nzito. Anayejua kusonga obokima ananielewa. Sufuria nyepesi ya kiwandani inazunguka mafigani kila ukikandamiza mwiko, mpaka uikanyage au umwite mtu akushikie. Nzito inatulia. Mwanamke mwenye sufuria nzito alikuwa mwanamke mwenye nyumba. Mwenyekiti wa chama alikuwa Mama Bosibori, na aliyezitengeneza sufuria hizo alikuwa mumewe, Fundi Mogaka, kwenye banda lake la kuyeyusha vyuma karibu na soko. Watoto hawakuwa majirani, lakini mama zao walikuwa wa chama kimoja.

Fundi Mogaka hakutuficha lolote, kwa maana hakujua kuna la kuficha. Alitueleza kwa fahari kwamba siri ya uzito ni kutia kwenye mabati na mikebe risasi ya betri kuukuu za magari, pamoja na vile vipande vidogo vizito vya kusawazisha magurudumu. Yeye mwenyewe alikula humo, na mkewe, na wajukuu. Alikuwa mtu mpole, anayechora ua dogo kwenye kila mfuniko. Nasema hivyo kwa sababu mkishika kesi mtatamani mshtakiwa awe mtu mbaya. Mara nyingi hatakuwa.

Kuthibitisha hakukuwa kazi ngumu. Tulichemsha siki ndani ya sufuria, tukaiacha ipoe, tukaitia chupani, tukaipeleka Nairobi. Siki kwa sababu kitu kichachu ndicho kinachoivuta risasi kutoka kwenye chuma. Na hapa ndipo nilipopata kazi niliyoichukia kuliko zote, ya kumweleza Nyaboke. Uji wa wimbi wa huku, erongori, unaachwa uchachuke usiku kucha. Yeye aliuchachusha ndani ya sufuria ileile. Na kwa kuwa Kemunto alikuwa mgonjwa, na uji ndio chakula cha mgonjwa, alimpa asubuhi, akampa jioni, na alivyozidi kudhoofika ndivyo alivyozidi kumwongezea. Nilimwambia yote. Akaichukua ile sufuria akaitoa nje ya nyumba, akaifunika kifudifudi kama watu wanavyofunika beseni mvua ikitaka kunyesha.

Onsongo akampelekea Fundi ilani ya kuacha. Mama Bosibori hakupenda. Aliona tunawaaibisha watu wanaosaidiana. Akaitisha kikao nyumbani kwake ili mambo yaishe kinyumbani, akatualika na sisi. Alizungumza vizuri, kwa utaratibu, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mumewe amekubali hataki tena kuona betri bandani mwake. Na ili mioyo itulie, kila mama atapewa fidia. Mlango wa chumba ukafunguliwa, Fundi akatoka na fidia yenyewe: sufuria mpya, zinang'aa, nzito, kila moja na ua lake.

Akina mama wakashukuru kwa dhati. Mkwe wa Nyaboke, bibi mkongwe tuliyemwita Mong'ina, alikuja kwa niaba ya familia, akaipakata yake kama mjukuu. Mimi nilishindwa hata kucheka. Onsongo, ambaye hakuwahi kukosa la kufanya, aliomba moja, akasema mkewe naye angependa kusonga kwa raha. Tukaenda nayo moja kwa moja maabara. Siki ikaenda Nairobi. Ilikuwa sawasawa na zile za kwanza. Fundi alikuwa mkweli, betri aliacha. Vile vipande vya magurudumu hakuviacha, kwa kuwa alidhani ni chuma cha aina nyingine.

Tulirudi tukamweleza. Akaahidi tena. Lakini msimu wa harusi ulikuwa umewadia, wateja walitaka uzito, na moshi wa banda haukukatika. Onsongo akasema sasa ni korti.

Hapo mambo yakawa magumu kwa Nyaboke, naye alikuwa na mimba ya pili. Onsongo alimweleza kwamba bila mtoto mwenye jina na mama yake, hakimu ataona sufuria tu. Mama wengine wa chama walikataa kutoa ushahidi. Ndizi zake aliziuza meza moja na Mama Bosibori, na ndugu za mumewe wakamwambia, wewe si umebadilisha sufuria yako, unatafuta nini tena? Lakini Mong'ina alikuwa anakaa boma hilohilo. Alikataa katakata kuitoa ile sufuria ya fidia, akasema amekula humo wala hajafa. Kemunto akimtoroka mama yake alienda jikoni kwa nyanya yake, na huko hakukosa kikombe cha uji. Nyaboke alimpigia Mong'ina magoti, haikusaidia. Mkaza mwana hamnyang'anyi mama mkwe sufuria. Alihitaji amri kubwa kuliko yake.

Akaja kutoa ushahidi, tumbo mbele, Kemunto mgongoni.

Wakili wa Fundi alikuwa kijana mwerevu. Aliniuliza kama mtoto alioshwa. Nikasema alioshwa. Aliniuliza alifutwa na nini. Nikasema mara ya kwanza mama yake alimfuta na leso kabla sijamzuia. Akaifurahia leso ile. Akaniuliza ilikuwa ya rangi gani, ilifuliwa lini, imepita wapi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza hakimu kwamba damu hiyo ya kidole niliimwaga palepale, nikamwosha mtoto upya na kuichukua nyingine kwenye mshipa wa mkono, na hiyo ndiyo iliyokwenda Nairobi, nikiwa nimeandika jina la mtoto kwenye chupa mama yake akiona. Wakili akakaa. Kwa hiyo mkiambiwa kazi yenu ni kuchoma sindano, msikubali. Kazi yenu ni kuweza kujibu swali la leso.

Lakini aliyeigeuza kesi hakuwa mimi. Hakimu, mama mtu mzima, alimuuliza Nyaboke kama angependa kuyamaliza nje ya korti na fundi, mtu wa kwao, kwani sheria inaruhusu mapatano. Mama Bosibori alikuwa amekaa nyuma. Korti nzima ilimtazama Nyaboke.

“Mheshimiwa, huyu fundi ni mtu yetu,” alisema. “Mimi nilimsamehea kitambo. Lakini hiyo sufuria bado iko kwa jiko ya watu. Kesho mama mwingine akipewa, na mimi nilinyamaza, mtoto yake akinyamaza kama wangu nitamwambia nini?”

Uamuzi ulipotoka, Fundi alitozwa faini na kuzuiwa kuyeyusha sufuria mpaka vyuma vyake vikaguliwe. Zote alizouza au kutoa zirudishwe, na agharamie kupima watoto wa chama. Tukawapima, safari hii Jumapili.

Katika kuwapima, mjukuu wa Mama Bosibori naye akapatikana na risasi. Mimi ndiye niliyempelekea majibu. Aliyasoma, akayakunja, akaniuliza kama mtoto atapona. Nikamwambia tumemuwahi, risasi yake bado ni kidogo. Kesho yake alikodi mkokoteni, akapita nyumba kwa nyumba mwenyewe, Birongo mpaka Kebirigo, akikusanya sufuria alizozigawa kwa mkono wake. Mong'ina alimgomea hata yeye. Mama Bosibori akavua viatu, akaingia jikoni, wakakaa wawili mpaka jua likaanza kushuka. Alipotoka alikuwa na sufuria. Sikuwahi kujua walisemezana nini, na si kila kitu kinapimwa.

Chama kilivunjika. Nyaboke hakusalimiwa tena pale sokoni na wengine, na baada ya kujifungua alihamishia ndizi zake soko jingine. Sitawadanganya kwamba alishangiliwa. Fundi alirudi kazini baadaye na vyuma safi na sufuria nyepesi, na akina mama mpaka leo wanamlaumu kwamba zinazunguka.

Siku hizi naambiwa mna kifaa cha kushika mkononi, unakielekeza kwenye sufuria kinakutajia madini yaliyomo kabla hujamaliza kupiga chafya. Nimefurahi, kweli. Sisi tungemaliza kazi kabla ya uji wa pili. Lakini hakuna kifaa kinachojua sufuria ililetwa na nani, wala kwa nini bibi hawezi kuiachia. Ingieni jikoni. Mkikaribishwa chakula, kuleni, ila kwanza inueni sufuria. Na msingoje mtoto anyamaze ndipo mmpime. Pimeni wanaoongea.

Mwaka juzi, nikiwa nimeshastaafu, Nyaboke alikuja kunitembelea na watoto wake wawili. Kemunto amerefuka, ana sura ya mama yake, anasoma madarasa mawili nyuma ya wenzake. Risasi ilishuka miaka mingi iliyopita na haikupanda tena. Yule wa mimba ni mvulana, Ombati. Tulimpima alipozaliwa na kila mwaka baada ya hapo, na hakuwahi kutupa wasiwasi. Aliingia kwangu akiisoma kalenda ya ukutani kwa sauti, akauliza kwa nini ziwa linaitwa ziwa, akauliza nani amekufa kwenye ile picha.

Nilimuuliza Kemunto shule yao inaitwaje. Akafungua mdomo kulitafuta jina. Ombati akaanza kujibu.

“Ngoja dada yako,” mama yake akamwambia taratibu. Tukangoja wote. Kemunto akalipata, akalisema, akatabasamu, nami nikampongeza. Kisha wakaenda kucheza uani.

Nyaboke aliwatazama mlangoni. Alisema hana ugomvi na mtu, anamshukuru Mungu kwa wote wawili. Halafu akasema, bila kunigeukia, “Huyu kijana ndiye ananionyesha vile Kemunto angekuwa.”

Wakili nilimjibu. Hilo sikulijibu. Nilimwongezea chai, tukakaa tukiwasikiliza watoto kule nje, mmoja akiuliza upesi upesi, mwingine akilitafuta neno, na yule wa kwanza akimngoja.